Kaya Iliyoteremkia Bondeni

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinitaka niseme neno. Nikasimama, nikatazama soda na keki, nikaishia kusema asanteni. Mnisamehe. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuuliza, kujibu sijazoea. Sasa nipo nyumbani Chanji, hapa hapa Sumbawanga, asubuhi sina pa kuwahi, na upepo wa Juni hapa kwetu mnaujua, haumruhusu mtu wa umri wangu kutoka nje kabla jua halijapanda. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, ninaandika lile neno.

Vyeo sitaviandika. Vipo kwenye jalada langu, na anayevitaka ataomba kibali. Ninachotaka kuwaachia ni habari za kazi yenyewe, kazi ya kukisia kaya ya kawaida wilayani inapata nini kwa mwaka, na kama miaka inavyokwenda inapata zaidi au inarudi nyuma. Na zaidi ya yote nataka niwaeleze kuhusu kaya moja.

Nilianza nikiwa binti aliyetoka chuoni, nimevaa viatu vya kisigino. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Bwana Anakleti, msimamizi wa wadadisi, Mfipa mwenzangu, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kesho uje na miguu mingine."

Kesho yake tukaenda Milanzi kujaribu dodoso. Kwenye nyumba ya kwanza tulimkuta mama mmoja anakaanga maandazi ya kuuza. Nikampa shikamoo, nikaketi, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: katika mwezi uliopita kaya yako ilipata kipato cha shilingi ngapi? Yule mama aliacha kugeuza maandazi.

"Kipato?" akasema. "Mwanangu, mimi nakaanga, watoto wanakula, yanayobaki nauza, nanunua unga, nakaanga tena. Sasa hicho kipato kinapita hapo saa ngapi?"

Bwana Anakleti akachuchumaa karibu na karai, akaanza kuuliza unga ananunua wapi, kwa debe au kwa kilo, mafuta anapima kwa nini, siku ya soko anakaanga mara ngapi, siku ya mvua je. Waliongea mpaka maandazi yakaisha. Tulipotoka tulikuwa tumepata kila tulichokitaka, na neno kipato halikutajwa tena.

"Watu hawatembei na kipato kichwani," aliniambia njiani. "Wanatembea na unga, na mafuta, na ada ya mtoto. Uliza hivyo. Hesabu upige mwenyewe."

Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ambayo aliinunua kwa fedha yake. Kila kijiji tulichofika aliomba debe la pale na kulipima, kwa sababu debe la mahindi la mjini si debe la huko vijijini, na gunia la rumbesa, lile la kushindiliwa mpaka juu ya mdomo, halina ukubwa ambao watu wawili wanakubaliana. Nyie leo mna vishkwambi vinavyokataa jibu kama halijakaa sawa. Kishkwambi kinajua kwamba debe ni debe. Hata hivyo, pimeni.

Yeye ndiye aliyenieleza pia kwa nini hatutumii wastani wa kawaida. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mahindi pale mjini, mwenye malori. "Ukijumlisha fedha yake na ya majirani zake, ukagawa," alisema Bwana Anakleti, "mtaa mzima unakuwa tajiri kwenye karatasi, na jioni wanalala na njaa. Wapange kwa mstari, kuanzia anayepata kidogo kabisa mpaka mwenye malori. Halafu nenda ukasimame katikati ya mstari. Kaya utakayoikuta pale, hiyo ndiyo inayokuambia wilaya inaishije." Nilidhani ni jambo dogo. Baadaye nikaona kwamba mstari huo unaharibika mara moja ukiacha watu nje yake.

Miaka ile tulizunguka sana. Kipili, kule Ziwa Tanganyika, nilijifunza kutomuuliza mvuvi habari za mwezi uliopita bila kwanza kuuliza mbalamwezi ilikuwaje, maana dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwaka mtu anakaa nyumbani anashona nyavu. Mdadisi aliyefika wiki ya giza aliandika matajiri, aliyefika wiki ya mwanga aliandika mafukara, na walikuwa watu wale wale. Huku juu uwandani nilijifunza habari za ulezi. Mzee mwenye ghala lililojaa atakuambia kwa kiapo kwamba hakupata kitu mwaka huu, kwa sababu hakuuza. Lakini familia yake imekula ugali mwaka mzima, na ugali ule ni kipato. Anayesahau kuuhesabu atawaandika Wafipa wote kuwa watu wanaoishi bila kitu chochote.

Sasa nije kwenye kaya yenyewe.

Utafiti wetu ulikuwa wa kurudia. Tulichagua kaya, tukazihoji, na baada ya miaka michache tukarudi kwa wale wale, awamu baada ya awamu. Kabla ya kuchagua lazima uorodheshe kaya zote za kijiji bila kuacha hata moja. Kijiji hicho sitakitaja. Kipo mwisho wa uwanda, pale ardhi inapoanza kukatika na kuteremkia Bonde la Ziwa Rukwa. Mtendaji alitupa orodha yake, safi, imepigwa mihuri. Bwana Anakleti aliisoma, kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa kijito, kwenye moshi.

"Na wale?"

"Wale ni wafugaji," akasema mtendaji. "Wapita njia, mzee. Si watu wetu."

"Wamepita njia tangu lini?"

Watoto wao walikuwa wanasoma shule ya pale pale kijijini.

Tukavuka kijito. Walikuwa Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, familia kadhaa, wamejenga, wana mashamba. Nyumba iliyoangukia mikononi mwangu ilikuwa ya Maduhu na mkewe Nkwimba. Nkwimba alikuwa wa rika langu, mrefu, mtoto mgongoni. Nilimwamkia "Mwangaluka," neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalo, akacheka mpaka akaziba mdomo. Mumewe hakucheka. Alikaa juu ya kigogo karibu na zizi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mahindi nitakuambia," alisema. "Ng'ombe hapana. Ng'ombe wakiandikwa, wanafuatwa."

Nikamsomea maneno yaliyokuwa mwanzoni mwa dodoso, kwamba taarifa zake ni siri, kwamba sheria inamkataza mtu yeyote kuzitoa pamoja na jina lake, kwamba zitatumika kwa takwimu tu.

"Hiyo ni ahadi ya karatasi," alisema. "Wewe unasemaje?"

"Mimi pia naahidi," nikasema. "Hazitatoka kwangu."

Akamtazama mkewe. Wakaongea Kisukuma kwa muda mrefu. Mwishowe Nkwimba ndiye aliyegeuka kwangu. "Andika, dada karani. Akikosea nitamsahihisha." Na alimsahihisha kweli, mara nyingi. Wakanieleza maziwa, madume yaliyouzwa mnadani, na fedha waliyolipwa na Wafipa kwa kuwalimia na plau, kwa sababu majirani zangu wa uwandani walikuwa wameanza kuchoka na jembe la mkono.

Awamu ya pili niliwakuta hali yao imepanda. Bati jipya, watoto wengine wawili, na Nkwimba alinipa maziwa ya mgando hata kabla sijatoa kalamu. Maduhu alikuwa ameanza kunitania. Alisema nikiolewa na Msukuma ataacha kunificha idadi ya mbuzi. Kijiji kizima kilikuwa kimesogea mbele kidogo, wenyeji na wageni, na nilirudi mjini nimefurahi kama vile mimi ndiye niliyewalimia.

Halafu ikaja operesheni. Amri ilitoka juu kwamba mifugo iondoke kwenye vyanzo vya maji vya upande ule. Sina ugomvi na kulinda maji, maji yale ni ya wote. Ninasema tu jinsi ilivyokuwa. Walikuja watu na magari, wakakamata ng'ombe, wakatoza faini, na mwenye kushindwa faini ng'ombe wake walipigwa mnada. Na mikononi walikuwa na karatasi zenye majina ya wenye mifugo na idadi.

Mimi nilijua hayo yote kwa kuchelewa, awamu ya tatu ilipoanza. Nilivuka kile kijito nikakuta zizi limelala chini, miiba imetawanyika, bati limeng'olewa na mvua imeingia mpaka kuta zimeanza kumung'unyika. Jirani yao Mfipa, bibi mmoja aliyekuwa akilimiwa na plau ya Maduhu, alikuja kunikuta nimesimama pale. Tukasalimiana kwa Kifipa.

"Walishuka bondeni," aliniambia. "Wote wa ng'ambo hii. Mwanangu, nikufiche nini, wanasema ni nyie. Wanasema yule dada karani ndiye aliyewaandika ng'ombe."

Niliketi juu ya kile kigogo cha Maduhu. Nilijua madodoso yetu yalikuwa yamefungiwa kabatini mjini, na ufunguo nilijua nani anao. Nilijua pia kwamba ofisi nyingine huwa na orodha zao, za kodi, za chanjo, za majosho. Lakini hayo nilikuwa nayajua mimi. Maduhu aliona karani akija na karatasi, kisha akaona magari yakija na karatasi.

Ofisini mambo yalikuwa rahisi. Bwana Anakleti alikuwa amestaafu, anaumwa kifua, na bosi wetu mpya alikuwa kijana mpole, msomi, mwenye haraka. Nilipomweleza, alisema, "Pole sana, dada Skola. Kaya zilizohama tunazibadilisha. Chukua jirani zao."

"Waliohama ni wale waliopoteza," nikasema. "Nikichukua waliobaki, mstari wote unasogea. Kaya ya katikati itaonekana imepata zaidi, na hakuna aliyepata zaidi. Walioanguka wameondoka tu mbele ya macho yetu."

Alikuwa anajua hesabu vizuri kuliko mimi, na aliona. Lakini aliona pia tanki la gari. "Mafuta hayatoshi kushuka bonde zima kutafuta watu ambao hatujui wako wapi," alisema. "Na pengine hawatutaki."

Mjue kilichokuwa mezani. Wakati ule kulikuwa na fungu la kusaidia kaya zisizojiweza, na wakubwa walikuwa wanatazama makisio ya kila wilaya kabla ya kugawa. Wilaya ambayo kaya yake ya katikati imepanda ingeambiwa hongereni, ikasogezwa nyuma ya foleni.

Jioni nilikwenda kumwona Bwana Anakleti. Alikuwa amekaa kitandani amejifunika blanketi, anakohoa. Nilimweleza yote. Nilitegemea anipe mbinu fulani ya hesabu, uzito wa kurekebisha, kitu cha namna hiyo.

"Hesabu ipo," alisema. "Lakini kwanza mtu huyo yupo wapi?"

"Bondeni."

"Basi yupo. Mfuate."

Nikamwambia kwamba naogopa. Wanadhani nimewauza.

"Na mimi ningedhani," alijibu, akageukia ukuta kukohoa.

Bosi, kwa heshima yake, alipokuja kuelewa kwamba sitaondoka mlangoni kwake, alinipa pikipiki, dereva, na mafuta ya kwenda bila uhakika wa ya kurudi. Tuliteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima, asubuhi nikiwa nimevaa sweta mbili. Tulipofika chini sweta zote zilikuwa kwenye begi na jasho linatiririka mgongoni. Huko chini ni nchi nyingine, joto, vumbi, mbu. Tuliuliza minadani, tukauliza visimani. Watu walituelekeza, wengine walituelekeza vibaya kwa makusudi. Siku ya tatu au ya nne tukawakuta.

Nkwimba alikuwa anapepeta mpunga wa mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Aliniona tangu mbali akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akauweka chini.

"Ulisema ni siri," alisema.

"Nilisema."

"Wakaja."

"Wakaja," nikasema. "Dada Nkwimba, sikuzitoa. Karatasi zako zimefungiwa."

"Nitajuaje?"

Nimewafundisha wengi wenu jinsi ya kujibu mhojiwa mwenye mashaka. Kuna ukurasa mzima kwenye mwongozo. Nilisimama pale juani nikautafuta, sikuona mstari hata mmoja unaofaa.

"Huwezi kujua," nikasema. "Sina cha kukuonyesha."

Maduhu alikuwa amekaa kivulini mwa kibanda, ametupa mgongo. Hakugeuka. Ng'ombe niliwaona wawili, wamefungwa, mbavu zinaonekana. Mtoto mmoja, yule aliyekuwa mgongoni siku ya kwanza, alikuwa hasomi tena. Anachunga ng'ombe wa watu.

Nkwimba aliniacha nimesimama muda mrefu. Aliingia ndani, akatoka, akaenda kisimani, akarudi. Sikuondoka, wala sikumsihi. Dereva alilala kwenye pikipiki. Jua lilipoanza kupungua alikuja na kigoda akakiweka mbele yangu.

"Huko Sumbawanga," alisema, "mkikaa mnasema watu wanaendeleaje?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi."

"Na sisi tusipoandikwa mtasemaje?"

"Tutasema mmeendelea."

Alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni nini. Akaketi chini, akanyoosha miguu. "Andika," alisema. "Sikuandikishi kwa sababu nakuamini. Andika tu."

Alinijibu yote, mpunga wa kibarua, kuni, ng'ombe mmoja mmoja jinsi alivyokwenda. Tulipofika swali la ng'ombe, Maduhu alisema kitu kwa Kisukuma bila kugeuka. Nkwimba akanitafsiria: mumewe alikuwa amemsahihisha idadi. Nikaandika kama alivyosema. Kwa msaada wake nikawapata na wengine, karibu wote wa ng'ambo ya kile kijito.

Makisio ya wilaya yalipotoka, kaya ya katikati ilikuwa imeshuka. Si sana. Tuliandika pia, kama ilivyo desturi, nafasi ya kukosea kwetu juu na chini, na katika kikao mkubwa mmoja aliishikilia nafasi hiyo kama mtu anayeshikilia mti kwenye mafuriko. Alitaka tuseme kipato kimebaki pale pale. Bosi wangu yule kijana, ambaye nilikuwa nimemwita mengi moyoni, alisimama na kusema kwamba watu tuliowafuata bondeni ni wa wilaya hii hii na namba inabaki. Akaketi. Namba ikabaki. Fungu lilikuja, na baadhi ya vijiji vya bondeni vikaingizwa. Kijiji alichokuwa Nkwimba hakikuingizwa. Nilikwenda kuuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba kipo upande wa pili wa mpaka wa kata. Sikumrudishia hata ndama mmoja.

Bwana Anakleti hakuyaona matokeo. Tulimzika mwanzoni mwa masika, na kaburini nilitaka kumwambia, nikaona haya mbele ya watu.

Baada ya hapo nilishuka bondeni kila awamu, hata nilipokuwa na cheo cha kukaa mezani. Wilaya iligawanywa, mipaka ikahama, ikabidi turudi nyuma na kupanga upya makisio ya zamani kwa mipaka mipya ili miaka iweze kulinganishwa. Shilingi nayo ilikuwa haikai, na laki moja ya mwanzo haikununua tena kitu kile kile, ikabidi kila kitu tukigeuze kwa bei za mwaka mmoja. Hayo mnayajua, yapo kwenye kompyuta zenu. Nkwimba alikodi shamba la mpunga, kisha akanunua. Maduhu alifariki bila kunisemesha tena moja kwa moja. Jina la mkuu wa kaya likabadilika likawa lake, na siku nilipoliandika aliniomba nimwonyeshe lilivyoandikwa, akalitazama kwa muda.

Awamu yangu ya mwisho nilikwenda na Editha, ambaye ninyi nyote mnafanya naye kazi. Yeye ndiye aliyehoji. Mimi nilikaa kando kwenye mkeka, sina kazi. Alihoji vizuri, aliuliza mpunga kwa magunia na kupima gunia lenyewe. Nkwimba, sasa bibi mwenye wajukuu wakizunguka, alimjibu bila kigugumizi. Walipomaliza akanigeukia.

"Na wewe, Skola? Miaka yote unaniuliza mimi. Wewe unapata nini?"

Nikacheka, nikaanza kumjibu kwa utani. Akasubiri. Ikabidi nijibu kweli: pensheni itakayokuja, chumba ninachopangisha, kashamba ka ulezi ambako sijui kananilipa au nakalipa mimi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nilisahau, nikarudi, nikajisahihisha.

"Unakula na nani?" akauliza.

"Peke yangu. Mume wangu unajua nilimzika. Watoto wapo Mbeya na Dar."

Hakusema pole. Alimwita mkwewe aongeze unga kwenye sufuria, na samaki mmoja. Likaletwa beseni la kunawia, watoto wakakaa kuzunguka sinia, nikasogezewa nafasi katikati yao.

Editha akainama sikioni kwangu, kishkwambi bado mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa abadilishe idadi ya wanakaya, aniongeze na mimi.

"Mgeni hahesabiwi," nikamwambia. "Kifunge hicho, unawe mikono."